Maneno ya Kiingereza ya Kuangamiza na Kufuta: Tuyafundishe kwa Mambo ya Lindi na Kilwa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa Kiingereza na Historia wa shule za sekondari, Kitomanga, Lindi



Fungua daftari la mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu, penye msamiati, utakuta mstari wa namna hii: “destroy, demolish, eradicate, eliminate, abolish, exterminate”, na mbele yake maana moja tu, kuharibu kabisa. Mstari huo tumeuandika sisi ubaoni. Tunda lake tunalivuna kwenye insha. Mtoto anaandika “The rain abolished the bridge”. Mwingine anaandika “My uncle eradicated his old house”. Wa tatu, mwenye bidii kuliko wote, anaandika “The government demolished malaria”. Sarufi haina kasoro: kitenzi kiko wakati uliopita, kiima kipo, yambwa ipo. Hata hivyo hakuna mzungumzaji wa Kiingereza anayesema hivyo, na msahihishaji wa mtihani wa taifa hatavumilia.

Kosa hilo mtoto hakulizaa yeye. Mtoto huyo huyo, kwa Kiswahili, hathubutu kusema mvua imekomesha daraja, wala serikali imebomoa malaria. Tangu hajaanza shule anajua kwamba nyumba hubomolewa, moto huteketeza, pori hufyekwa, sheria hufutwa, tabia mbaya hukomeshwa na magugu hung'olewa. Ujuzi wa kuchagua kitenzi kwa kutazama kinachoharibiwa anao tayari. Sisi ndio tunaomwambia auache mlangoni anapoingia kipindi cha Kiingereza.

Ninachoomba leo ni kwamba orodha ile ya visawe tuifute ubaoni, na mahali pake tuweke matukio. Mwanafunzi afundishwe kuuliza ni kitu gani kilichoharibiwa, ni nani aliyekiharibu, na baada ya hapo kumebaki nini. Swali la tatu ndilo tunalolisahau, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote. Pwani hii ya Lindi na Kilwa ina matukio ya kutosha. Hatuhitaji kuazima mfano hata mmoja kutoka kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa London.

Tuanze na majengo na miji, kwa kuwa yanaonekana kwa macho. Mwezi Julai 1505 kundi la meli za Francisco de Almeida lilitia nanga Kilwa. Wareno waliuteka mji, wakaupora, wakajenga ngome yao na kumweka mtawala waliyemtaka wao. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Vitabu vingi vya shule vinasema kwa mkato kwamba Wareno “destroyed Kilwa”. Lakini mpeleke mwanafunzi Kilwa Kisiwani: Msikiti Mkuu umesimama na kuba zake, na kuta za Husuni Kubwa bado zinautazama mlango wa bandari. Mji ule na Songo Mnara viliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 kwa sababu hiyo hiyo, kwamba vipo. Kitenzi cha Kiingereza kinachofaa kwa siku ile ya Julai ni “sack”, yaani kuuvamia mji na kuupora baada ya kuuteka. Kilichoimaliza Kilwa polepole ni kuvurugika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, pamoja na mashambulizi ya baadaye, likiwemo lile la Wazimba la mwaka 1587. Kwa hali hiyo ya kuchakaa na kuachwa Kiingereza kinasema “fall into ruin”, na hapo hakuna mtendaji kabisa. Mwanafunzi akiweza kutenganisha “sack” na “fall into ruin” kwa Kilwa peke yake, amejifunza Kiingereza na Historia kwa pamoja, na ameelewa kwamba mji unaweza kuporwa siku moja ukafa baada ya miaka mia.

“Demolish” ni kubomoa jengo, mara nyingi kwa makusudi na kwa zana. “Raze” ni kulisawazisha na ardhi lisibaki hata tofali juu ya tofali. Hayo yaeleweka upesi. Linalotatiza ni “dismantle”, na kwa hilo tuna reli. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo. Ili karanga zifike baharini ilijengwa reli ya Jimbo la Kusini, kwanza kutoka Mkwaya kwenye hori ya Lindi, kisha kutoka bandari mpya ya Mtwara. Karanga zilikataa. Mradi ulioanza mwaka 1947 ukafikia kikomo mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Mradi wenyewe Kiingereza husema ulikuwa “abandoned”, uliachwa. Magazeti yangependa kusema “scrapped”. Reli ilifungwa mwaka 1962, nayo ikawa “dismantled”: reli zilifunguliwa, zikakusanywa na kuondolewa. Hakuna aliyeipiga nyundo kuivunja. Kitu kinachofunguliwa vipande kwa vipande, kwa utaratibu, na vipande vyenyewe vikabaki na thamani, hicho ndicho “dismantle”. Ndiyo maana wanasiasa hulipenda neno hilo wanapozungumzia mtandao wa wahalifu au mfumo wa utawala: wanadai wameufungua bolti moja moja.

Jambo dogo kuliko hayo yote, ambalo litamfaa kijana siku atakapokuwa mtendaji wa kijiji au mwandishi wa ripoti, ni tofauti ya “damage” na “destroy”. Mwezi Mei 2024 mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, na sote tunakumbuka magari yalivyokwama pande zote mbili. Daraja lililochukuliwa na maji ni “washed away” au “destroyed”. Daraja lililopata ufa likapita magari madogo ni “damaged”. Nyumba iliyoezuliwa bati ni “damaged”. Iliyoanguka ukuta kwa ukuta ni “destroyed”. Anayesoma ripoti hiyo akiwa mbali, na mkononi ana mahema na saruji za kugawa, anaamua kwa kufuata neno. Mwalimu asiyemfundisha mtoto tofauti hii anamnyima mtu wa kijijini kwake haki yake miaka kumi mbele.

Sasa nije kwenye neno ambalo naona ndilo tunalolifundisha vibaya kuliko yote, “abolish”. Hili halihusu kitu cha kushika. Haliwezi kutumika kwa daraja, wala nyumba, wala panya. Linahusu sheria, cheo, kodi, desturi iliyowekwa na watu. Anayelitenda ni mwenye mamlaka, na chombo chake ni kalamu. Somo la Historia linasema biashara ya utumwa “was abolished in 1873”. Ni kweli: tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, John Kirk akiwa ndiye balozi mdogo wao Unguja, kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga soko. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “abolish” ni kuharibu kabisa anaelewa nini hapo? Anaelewa kwamba siku ile biashara ilikwisha.

Haikwisha. Kilwa Kivinje ndiyo ilikuwa bandari kuu ya kutoa watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, na wafanyabiashara wake walichofanya ni kubadili njia tu. Badala ya jahazi, misafara ikapanda kwa miguu kuelekea kaskazini, sambamba na bahari, hadi Pangani na kuendelea. Ofisa wa Kiingereza Frederic Elton, aliyesafiri kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 waliopitishwa ndani ya mwezi mmoja tu. Ndani ya miezi michache baada ya mkataba, watu walikuwa wanakufa kwa kiu na uchovu kwenye njia ambayo mkataba wenyewe ndio ulioizidishia misafara. Ilibidi mwaka 1876 Barghash atoe amri nyingine dhidi ya misafara ya bara. Hali ya utumwa yenyewe, tofauti na biashara yake, haikufutwa kisheria Unguja hadi 1897, na Tanganyika hadi 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka.

Kwa hiyo Kiingereza sahihi ni kusema biashara ilikuwa “abolished” mwaka 1873 lakini haikuwa “eliminated”. Sentensi hiyo moja ni somo zima. Aliyeielewa hatawasahau wale wa nyuma, waliotembea kutoka Kilwa baada ya karatasi kutiwa saini. Mimi naamini mwanafunzi wa Lindi ana deni la pekee kwa watu hao, kwa sababu wengi wetu ni wajukuu wa walioletwa, au wa waliowaleta, au wa wote wawili. Deni hilo analilipa kwa kuandika kitenzi kinachostahili.

Kwenye magonjwa mpangilio ni wa wazi zaidi, maana wataalamu wenyewe walikaa wakakubaliana. Mwaka 1997, kwenye mkutano uliofanyika Berlin, wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza walizipanga hatua: “control”, ugonjwa umepunguzwa hadi kiwango kinachovumilika na juhudi lazima ziendelee, “elimination”, maambukizi yamekwisha katika eneo fulani lakini ulinzi unabaki, “eradication”, yamekwisha duniani kote na hakuna haja ya kuendelea, na juu yake “extinction”, ambapo hata kijidudu chenyewe hakipo tena, si porini wala maabara.

Wanafunzi wetu wataelewa “control” kupitia mkorosho. Kila mtoto wa hapa ameamshwa alfajiri msimu wa maua, umande ukiwa bado majanini, upepo haujaanza kuvuma, kwenda na baba shamba kupuliza salfa. Mashine inanguruma, vumbi la manjano linapanda hadi ndani ya matawi na kukamata maua, na harufu yake inakaa kwenye shati hadi darasani. Je, ubwiriunga umekwisha? Mwakani utarudi na salfa itanunuliwa tena. Hicho ndicho “control”. Mwambie mtoto aandike “sulphur controls powdery mildew”, kisha umuulize kwa nini asiandike “eradicates”. Atakujibu kwa Kiswahili, na jibu lake litakuwa sahihi kuliko kamusi: kwa sababu kila mwaka tunapuliza.

“Eliminate” ni matende na mabusha. Pwani yetu imeteswa na ugonjwa huu kwa vizazi. Hakuna kijiji kisichokuwa na mzee aliyejifungia ndani kwa aibu. Tanzania ilianza ugawaji wa dawa kwa umma kisiwani Mafia mwaka 2000, ivermectin pamoja na albendazole, na baadaye kampeni ikaenea mikoani. Lengo lililotangazwa ni “elimination”. Halikuwa “eradication”, na waliochagua neno walijua wanachoahidi.

“Eradicate”, kwa maana kamili ya kitaalamu, limetimia mara mbili tu katika historia ya dunia, na mara zote mbili mwisho wake ulikuwa Afrika Mashariki. Ndui ya maambukizi ya asili ilimpata mtu wa mwisho Merca, Somalia, Oktoba 1977: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alipona. Shirika la Afya Duniani likatangaza mwezi Mei 1980 kwamba ndui imetoweka. Sotoka ya ng'ombe, iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikawaacha wafugaji mikono mitupu, ilionekana kwa mara ya mwisho kwa nyati wa mbuga ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba haipo tena duniani. Lakini virusi vya ndui vingali vimefungiwa kwenye maabara mbili, moja Marekani na moja Urusi. Kwa hiyo “eradicated”, ndiyo, “extinct”, bado. Darasa linapenda sana hapo. Mkono mmoja utanyooka kuuliza kwa nini wasivichome, na una mjadala wa kipindi kizima kwa Kiingereza bila kuulazimisha.

Ndani ya “eradicate” umo mzizi, kwa Kilatini “radix”. Ni kung'oa na mizizi yake. Si ajabu viongozi wamelipenda kwa maadui watatu waliotajwa tangu uhuru: ujinga, maradhi na umaskini. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2000 uliweka lengo la kwanza la milenia kwa neno hilo hilo, “eradicate extreme poverty and hunger”, na mwaka 2015 ukabadili ukaandika kwa urahisi “end poverty”. Tumfundishe mwanafunzi kusoma maneno ya namna hii kwa macho ya mkulima wa korosho: anayeahidi kung'oa, aonyeshe mizizi.

Kundi la maneno yanayohusu watu nimelihifadhi hadi sasa kwa kusudi. “Exterminate” ni kuangamiza wote, na kawaida yambwa yake ni wadudu au panya. Likielekezwa kwa binadamu huwa limekwisha kuwageuza wadudu, ndiyo maana mwandishi makini halitumii kwa watu ila anaposhuhudia uhalifu wenyewe. Amri ya jenerali wa Kijerumani Lothar von Trotha dhidi ya Waherero wa Namibia, Oktoba 1904, wanahistoria wa Kiingereza huiita “extermination order”, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Miezi tisa baadaye, Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, huku kwetu wilayani Kilwa, waliung'oa mpamba wa Wajerumani na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa maji yaliyovipa vita jina, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mazao yaliyokuwa shambani, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali yao yenyewe ilikiri vifo 75,000. Gilbert Gwassa, mtafiti aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Na kitabu cha Kiingereza kinasemaje? Kinasema “the rebellion was suppressed”. “Suppress” ni kuzima, kukandamiza fujo; ni neno la ofisi ya gavana. Linamtazama aliyekuwa na bunduki na kusema kazi yake imekwisha. Halimwoni mama aliyebaki na ghala la majivu. Kiingereza kina maneno ya kumwona: “devastate”, “lay waste”, na kwa mbinu yenyewe ya kuchoma chakula, “scorched earth”. Mwanafunzi wetu anaweza kuandika “The Germans laid waste to the land and let famine finish the war”, na sentensi yake ikasimama mbele ya msahihishaji yeyote. Naomba walimu wa Historia walione hili kuwa jambo lao pia. Tukimpa mtoto neno “suppressed” peke yake tumemwazima macho ya von Götzen, gavana wa Wajerumani, atazamie kaburi la babu yake.

Kuna vitu vinavyokwisha bila kumalizwa na mtu. Upande wa bara kutoka hapa, vilima vya Tendaguru vilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na mifupa ya dinosaria iliyobebwa kichwani hadi bandari ya Lindi ndiyo leo imesimamishwa makumbusho ya Berlin, mnyama mrefu kuliko jengo lolote la Kitomanga. Wanyama wale “died out”, “became extinct”. Vitenzi hivi havipokei yambwa. Huwezi kusema mtu “died out the animals”. Tembo wa Selous ni habari nyingine. Mwaka 1976 walikadiriwa kufikia karibu 110,000; sensa ya 2013 ilikuta takriban 13,000. Hapo kuna mwenye bunduki, na Kiingereza kinasema walikuwa “nearly wiped out”. Magazeti mengi yaliandika “decimated”. Zamani neno hilo lilikuwa adhabu ya jeshi la Kirumi ya kuua askari mmoja katika kila kumi. Leo lina maana ya kuua sehemu kubwa, na wapo wasahihishaji wasiolipenda kwa maana hiyo. Mwanafunzi alijue, asilikimbilie.

Yale ya maneno mawili au matatu nitayapitia haraka, kwa kuwa watoto huyapata wenyewe wakisikiliza redio na filamu. “Get rid of” hufaa karibu kila mahali ila kwenye maandishi rasmi. “Do away with” ni ndugu wa “abolish” aliyevaa nguo za nyumbani. “Phase out” ni kuondoa kwa awamu, na kinyume chake ni tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara kwa siku moja: hiyo ni “ban”. “Stamp out” ni kukanyaga moto usienee, kwa hiyo hutumika kwa uhalifu unaozuka hapa na pale. Uvuvi wa baruti uliovunja matumbawe ya pwani yetu ni mfano wake kamili.

Kuhusu kazi yenyewe darasani, napendekeza kila shule itengeneze kadi zake za matukio, kila kadi aya moja fupi kwa Kiingereza chepesi bila kitenzi cha kuharibu: Kilwa 1505, mkataba wa 1873, reli ya Nachingwea, salfa na ubwiriunga, mpishi wa Merca, maghala ya Umatumbi, barabara ya Somanga. Wanafunzi wakae wanne wanne, wachague kitenzi na waandike sentensi moja ya kukitetea, kwa Kiingereza. Alama mbili ziende kwa kitenzi na tatu kwa utetezi. Mwanafunzi atakayeweka “destroyed” kwenye Kilwa 1505 na kuandika kwamba biashara ya mji ndiyo iliyoharibiwa, kuta zikabaki, apewe alama zote tano, kwa sababu amejibu swali la kilichobaki. Atakayeweka “sacked” bila kuweza kusema kwa nini, apate mbili. Kadi za mfano ninazo hapa mezani. Naomba kila shule ichukue seti moja, na walimu wa Historia wazisome kwanza kabla hazijaingia darasani.